Gari la wagonjwa lina winchi? Imefungwa kwenye nini?

1/ Mama zangu na dada zangu, leo siongelei chanjo wala maziwa ya kwanza. Leo naongelea winchi. Ndiyo, ile mashine ya mbele ya Land Cruiser yenye kamba na ndoano, ya gari kujivuta lenyewe likikwama. Najua wapo watakaosema nesi ameacha wodi ameingia gereji. Someni kwanza, matusi baadaye.

2/ Kilichonichokoza ni maneno ya kaka mmoja hapa juzi. Watu walikuwa wanafurahia gari jipya la wagonjwa, ngao inang'aa, taa kama za harusi, stika ubavuni. Mama mmoja akauliza kistaarabu tu: mbona halina winchi, na huku kwetu masika tunayajua? Kaka akamjibu, "Winchi ni anasa ya watalii, likikwama vijana watasukuma." Watu wakacheka, wakaweka vikopa. Mimi sikucheka.

3/ Nawasimulia kwa nini. Ilikuwa Aprili, miaka kadhaa imepita, niko zahanati moja ng'ambo ya mto Kilombero. Mama kajifungua salama saa mbili usiku, mtoto kalia vizuri, kondo limetoka. Lakini damu haikati. Mfuko wa uzazi umelegea kama unga uliozidi maji. Oksitosini nimechoma, dripu zinakwenda mikono yote miwili, nakanda tumbo, wapi. Alihitaji damu, na zahanati haina damu. Gari likaja, na lilikuja haraka, dereva simlaumu hata kidogo. Tukaenda kama nusu saa, tukaingia kwenye mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka na masika unanata kama ugali. Gari likazama mpaka ekseli.

4/ Na gari hilo LILIKUWA na winchi. Tena mpya. Dereva akaburuta kamba mpaka kwenye mti pekee uliokuwepo, akafunga, akabonyeza. Gari halikusogea. Kilichosogea ni bampa. Bolti mbili zikang'oka kwenye bati, winchi ikainamisha kichwa, kamba ya chuma ikawa inasagika kwenye ukingo wa bati, ikakatika. Ikarudi na mlio ambao sitausahau, ikafumua taa ya kulia. Wifi wa mgonjwa alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, kachanga kifuani.

5/ Hakuguswa. Bahati tu, wala si ujuzi wa mtu. Nikabaki nyuma ya gari nimekandamiza mfuko wa uzazi kwa mikono miwili, mmoja ndani mmoja nje, mpaka vidole vikafa ganzi. Wakunga wenzangu mnajua ilivyo. Karibu saa mbili. Aliyetutoa ni mzee wa mashamba ya mpunga aliyekuwa amelala shambani na trekta lake. Mama yule yupo hai, mtoto anasoma. Ila msiniambie "basi, iliisha vizuri". Mzee angelala kwake usiku ule, hapa ningekuwa naandika habari nyingine, au ningenyamaza kabisa.

6/ Tunafundishwa kwamba damu nyingi baada ya kujifungua inaweza kumwua mama ndani ya saa mbili. Mwaka 1994 Thaddeus na Maine waliandika juu ya aina tatu za kuchelewa zinazoua mama wajawazito: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kupata huduma ukishafika. Kila semina tunaambiwa tukawaelimishe akina mama juu ya ile ya kwanza. Sawa, tumewaelimisha. Wameamua mapema, wamepiga 115 ya m-mama ambayo ni bure, gari limekuja. Halafu linazama kwenye tope na mtu anasema vijana watasukuma. Vijana gani, saa tano usiku, katikati ya mbuga?

7/ Wengine watasema: dai barabara, usidai winchi. Hoja hiyo naiheshimu, na barabara nadai kila siku. Lakini barabara inasubiri bajeti, mkandarasi na kiangazi. Mimba hazisubiri. Mwenye mimba ya miezi sita leo atajifungua kabla greda halijafika. Na ukiweka bei ya winchi kando ya bei ya gari lenyewe, ni kijipande tu.

8/ Ila hapa nageukia upande wa pili, maana wapo wanaoshangilia winchi yoyote ile. Winchi mbovu ni mbaya kuliko kukosa winchi. Isipokuwepo, dereva anachukua koleo mapema. Ikiwepo ya maonyesho, anapoteza nusu saa kuiamini, halafu inakata kamba penye watu. Kwa hiyo swali la "ipo?" halitoshi.

9/ Tuanze na nguvu. Nyumbani kwangu ni sindano, niruhusuni mfano. Kuchagua winchi ni kama kuchagua kanula. Mama anayevuja damu humwekei ile ya njano ya mtoto mchanga, namba 24. Unamwekea ya kijivu, namba 16, kwa sababu unajua kinachokuja. Kanuni ya mafundi ni hii: chukua uzito wa gari likiwa limebeba kila kitu, zidisha mara moja na nusu. Mkonga wa wagonjwa wenye watu, mtungi wa oksijeni, kitanda na dizeli unafika tani tatu na ushee, kwa hiyo unatafuta winchi inayokaribia tani tano. Zinauzwa kwa paundi: ya paundi 9,500 ni kama tani 4.3, haifiki. Ya 12,000 ni kama tani 5.4. Hiyo ndiyo.

10/ Na msidanganywe na namba iliyoandikwa ubavuni. Nguvu hiyo ni ya mzunguko wa kwanza wa kamba, ule unaogusa pipa. Kila kamba inapopanda tabaka juu ya tabaka, kama bendeji kwenye roli, nguvu inashuka. Ndiyo maana dereva mzoefu huitoa kamba nyingi, hata mti ukiwa karibu. Anaipitisha kwenye kapi lililofungwa mtini na kurudisha ndoano kwenye gari. Mwendo unapungua kwa nusu, nguvu inakaribia mara mbili. Hasimalizi kamba yote, lakini. Ya chuma abakize angalau mizunguko mitano kwenye pipa, ya nyuzi abakize zaidi, nane mpaka kumi, maana inateleza. Kapi ni kitu kidogo tu, na ndilo la kwanza kusahaulika kwenye oda.

11/ Umeme. Winchi ikivuta kwa nguvu zote inakunywa zaidi ya ampea 400. Betri ile ile ndiyo itakayowasha gari, taa ya ndani na mashine ya kunyonya makamasi. Kwa hiyo injini iwe inanguruma muda wote wa kuvuta, waya nene ziende moja kwa moja kwenye betri, na kuwe na swichi ya kukata umeme. Unavuta kidogo, unapumzisha mota. Na yupo fundi wa kufunga winchi ya volti 12 kwenye gari la volti 24 bila hata kuangalia. Muulizeni.

12/ Sasa kufunga, ndiko tulikoumizwa sisi. Bampa ni bati la kupokea mbuzi na vigingi. Winchi inakaa juu ya sahani nene ya chuma, na sahani hiyo inashikwa na chesisi yenyewe, zile nyuti mbili ndefu za chini ya gari, kwa bolti ngumu zilizogongwa 8.8 kichwani au zaidi. Haishikwi na bolti za dukani zisizo na namba, wala na welding ya haraka-haraka kwenye bati. Inama uangalie. Huhitaji cheti cha ufundi kuona kama chuma kimeishia kwenye bampa au kimefika kwenye chesisi. Pia winchi na ngao zina uzito, springi za mbele zikilala gari linazama pua kwanza. Na kama gari lina mifuko ya hewa, ngao isiwe imeziba vihisio vyake.

13/ Kamba: chuma au nyuzi? Hapa fundi wangu na mimi hatuelewani. Yeye anataka chuma, anasema inavumilia mawe na uzembe. Mimi nataka ya nyuzi. Ni nyepesi, haichomi mikono kwa vijiti vya waya, na ikikatika hairudi na hasira ile niliyoiona. Kweli, jua linaila na mchanga unaisaga, kwa hiyo ifunikwe na ioshwe. Lakini huku kwetu gari likikwama kijiji kizima kinakuja kutazama, watoto mbele. Mimi napima hatari kwa watoto. Ukichagua ya nyuzi, mdomo wa kupitishia kamba uwe wa alumini laini, usitumie roli zilizokwaruzwa na kamba ya chuma.

14/ Na mbuga haina miti! Hili halimo kwenye picha za matangazo. Uwanda mzima wa mpunga, utaishika ndoano wapi? Njia ipo: tafuta penye ardhi kavu zaidi mbele, chimba shimo, simamisha tairi la spea ndani, mkanda umepita katikati yake na kutokea kwenye mfereji mwembamba kuelekea gari, fukia, shindilia. Inachosha, inachukua muda, inafanya kazi. Kwa hiyo gari lisilo na koleo halina winchi, hata kama winchi ipo. Koleo hilo hilo kwanza linatoa tope mbele ya matairi, maana kuvuta gari lililozikwa ni kuvuta gari na shamba. Penye mti, mkanda mpana uzunguke shina. Usizungushe kamba yenyewe na kuinasa ndoano juu yake.

15/ Hii ni ya kwenu kabisa, mama zangu, ikikukuta njiani. Kamba ikishakaza, wewe na mtoto na wifi na mashangazi wote nendeni mbali, zaidi ya urefu wa kamba iliyonyooshwa na nusu yake. Msisimame kwenye mstari wake, msiivuke, msiikanyage. Dereva atandike kitu kizito katikati ya kamba, koti nene au blanketi lililolowa, ili ikikatika ianguke. Khanga haitoshi, nimeona watu wanaweka khanga. Mgonjwa asiyeweza kushuka abaki amelala nyuma na nesi wake, boneti liinuliwe liwe kinga. Mtoto mchanga abaki kifuani, ngozi kwa ngozi, amefunikwa kichwa. Baridi ya usiku haijali kwamba mmekwama.

16/ "Nesi, haya ni ya dereva." Hapana. Trei yangu ya dharura inakaguliwa kila zamu na kusainiwa, hata kama hakuna aliyevuja damu mwezi mzima. Winchi isiyoguswa mwaka mzima inashika kutu ndani, na utaijua usiku ule ule. Nyinyi mna wajumbe kwenye kamati ya zahanati na mna mkutano wa kijiji. Ulizeni kabla ya Machi: ni ya paundi ngapi, imeshikwa na chesisi, kapi lipo, koleo lipo, mara ya mwisho kamba ilifunguliwa lini, na nani mbali na dereva huyu mmoja anajua kuitumia? Mkijibiwa "winchi ni anasa", muulizeni anayejibu kama mke wake atajifungulia hapo kijijini.

17/ Kwetu sasa hivi, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, dereva anaifungua kamba yote uwanjani nyuma ya kliniki mpaka ibaki ile mizunguko ya mwisho, anaikagua kwa mkono wenye glavu, anaifunga kwenye mwembe, analivuta gari hatua tano, anairudisha kwa mpangilio. Akina mama wa kliniki wanatazama wakiwa mbali, chini ya kibaraza. Mimi nasaini daftari.