Kitabu mkononi: "Usihuzunike" ni neno la nani?



Siku hizi niko nasoma La Tahzan, kitabu cha Sheikh Aaidh al-Qarni wa Saudia. Maana ya jina hilo ni "Usihuzunike". Nakala inayozunguka kwetu ni ya Kifaransa, Ne sois pas triste, nene kama tofali, lakini milango yake ni mifupi. Ukiweka sombe motoni, mlango mmoja unaisha kabla maji hayajakauka. Usijilazimishe kukisoma toka mwanzo hadi mwisho, maana kinarudia-rudia. Fungua popote.

Kuna jambo litakaloshangaza wengine. Kando ya aya na hadithi, Sheikh anamtaja Dale Carnegie, Mmarekani aliyetoa mwaka 1948 kitabu cha kuacha wasiwasi. Shauri la kuishi siku moja moja, na lile la limau kali kugeuzwa kinywaji kitamu, linafanana sana na yake. Mimi sioni ubaya. Kabla yake Sheikh Muhammad al-Ghazali wa Misri alimsoma Carnegie huyo huyo, akaandika Jaddid Hayatak kuonyesha kwamba mengi ya mashauri hayo yamo tayari katika dini.

Kinachonisumbua ni lile jina la kitabu, jinsi tunavyolitumia. Kwenye matanga tunalisikia sana: "Mama, usihuzunike, ni mapenzi ya Mungu." Linasemwa upesi, mlangoni, na aliyefiwa ananyamaza. Hajatulia, amefungwa mdomo tu. Kwa hiyo niliweka Kurani kando ya kitabu, nitazame neno hilo limesemwa wapi.

Limesemwa pangoni, Mtume alipohama Makka kwenda Madina mwaka 622. Alimwambia Abubakar, na yeye mwenyewe alikuwa ndani ya pango lile lile, akitafutwa na maadui wale wale. Mama yake Musa aliambiwa pamoja na ahadi kwamba mtoto atarudishwa kwake. Maryam aliambiwa akiwa peke yake na uchungu wa kuzaa, chini ya mtende. Hapo hapo akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa atikise shina, tende zimwangukie, ale na anywe. Neno halikuja mikono mitupu.

Na Yakubu je? Ndiye Yakobo, baba wa Yosefu, Wakristo mnamjua. Alimlilia mtoto wake mpaka macho yakawa meupe. Wanawe walichoka na kilio kile, wakamsema, naye akajibu kwamba huzuni yake anampelekea Mungu. Huyo alikuwa nabii! Hata Mtume Muhammad alitoa machozi mwanawe Ibrahim alipofariki, akiwa bado mdogo sana. Mwenzake mmoja aliposhangaa, alimjibu kwamba machozi yale ni huruma.

Nasema haya kwa sababu ya wamama ambao watoto wao walichukuliwa na vita, na hadi leo hawajui wako wapi. Kwao hakuna kaburi wala arobaini. Mama wa namna hiyo akipewa kitabu hiki peke yake, anaweza kudhani huzuni yake ni upungufu wa imani. Tafadhali asipewe hivyo. Aanze na sura ya Yusuf, ni ya 12, aya zake 111 tu, unaweza kuzimaliza kwa kikao kimoja. Kitabu cha Sheikh kingoje. Na anayempelekea sura hiyo apeleke na unga, akae naye.

Lakini wewe ambaye usiku hulali kwa ajili ya pesa ya shule au zamu ya likelemba, usingoje. Tafuta ule mlango wa kuishi siku ya leo, uko mwanzoni mwanzoni. Wanaosoma Kifaransa wawasomee wasiokisoma, jioni, polepole, na mahali pagumu mlieleze kwa Kiswahili chetu. Nakala iko kwa mama mweka hazina, na mtu haikai nayo zaidi ya wiki mbili.