Si Kiswahili Tu?

Kuna sentensi moja inayonikera kuliko hitilafu yoyote ya programu: "Si Kiswahili tu? Weka hivyo hivyo, wataelewa."

Nimeisikia mara nyingi hapa Eldoret, tena kutoka kwa watengeneza programu hodari. Hawa ni watu ambao hawathubutu kutoa mistari kumi ya msimbo kabla mwenzao hajaipitia. Koma moja ikipotea, kazi nzima inasimama. Lakini maneno ambayo mteja atayasoma kwenye simu? Hayo huandikwa dakika ya mwisho, hayasomwi na mtu wa pili, kisha yanatumwa kwa maelfu ya watu.

Sasa mfikirie mkulima wa mahindi pale Kiplombe. Yeye haoni msimbo wako, anaona sentensi. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, pesa zetu husafiri kwa ujumbe mfupi, na ujumbe ndio risiti. Mwandikie "Umelipwa Sh 5,000" badala ya "Umelipa Sh 5,000": kwa herufi moja tu, pesa zilizotoka zimegeuka pesa zilizoingia. Mwambie alipe deni "kabla ya saa 6 jioni", kwa kuwa umehamisha saa ya Kizungu bila kufikiri. Jioni ya Kiswahili haina saa 6, ina saa 12. Atakisia, na akikisia vibaya atatozwa. Muulize "dhamana ya shamba lako" ilhali ulitaka "thamani". Wewe ulitaka kujua bei ya shamba, yeye anaona unataka kulichukua.

Utaniambia kuna programu za kukagua tahajia. Zipo, na kazi ya kuizoesha kompyuta Kiswahili si ya jana: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice. Ni kazi ya kuheshimika. Lakini kikaguzi cha tahajia hakitapiga mstari mwekundu hata mmoja kwenye mifano yangu mitatu, maana yote ni maneno halali. Nazo mashine za siku hizi zinazoandika Kiswahili laini zimezidisha hatari. Kosa lililovaa suti halishukiwi.

Kuna kundi la pili, nao siwaachi. Hawa wakipewa maandishi ya mtu hushika kalamu nyekundu kama mwalimu wa zamu. "Kompyuta" inakuwa "tarakilishi", "simu" inakuwa "rununu", sentensi fupi inarefushwa ili ipendeze. Wakimaliza, mwandishi haitambui kazi yake na msomaji haielewi. Huko si kuhariri, ni kupora.

Jamani, kuhariri ni ufundi, na hufunzwa kama ufundi mwingine wowote. Anza hivi:

1. Soma mara ya kwanza bila kugusa kitu, ujue mwandishi alitaka kusema nini.

2. Soma tena kwa sauti. Sikio hunasa upatanisho uliovunjika ambao jicho limeuruka.

3. Rudi upitie majina, tarehe, saa na kiasi cha pesa peke yake, kimoja kimoja.

4. Badilisha machache iwezekanavyo, na kila badiliko liwe na sababu unayoweza kumweleza mwandishi. "Naona hivi inapendeza" si sababu.

5. Kataa sentensi za kuungaunga vipande. Kwa Kiswahili, idadi ikibadilika sentensi nzima hubadilika: "Ombi 1 limekataliwa", "Maombi 3 yamekataliwa". Gettext inakuruhusu kuandika sentensi kamili ya umoja na kamili ya wingi. Itumie.

6. Mpe mtu asiye wa ofisini kwenu asome, kisha umuulize ameelewa nini. Usimuulize kama ameelewa. Atasema ndiyo kwa adabu.

Wala haya si mapya. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilipitia miswada ya vitabu vya shule kabla havijachapwa. Ilikuwa kamati ya wakoloni, na maamuzi yake mengi yanafaa kubishiwa. Lakini ilijua kwamba kitabu hakiendi kwa mtoto bila jicho la pili. Sisi tunatuma deni la mtu bila hata jicho hilo.

Kwa hiyo, wakubwa wa kampuni, mlipeni mhariri kama mnavyomlipa anayekagua msimbo. Mkulima wa Kiplombe hana mahali pa kuripoti hitilafu ya sentensi; yeye hulipa tu. Nawe mtengeneza programu, toleo ambalo maneno yake hayajasomwa na mtu wa pili halijakamilika. Usilitoe.