Anayeogopa Hadithi Hajasoma Luka 16

Mzee mmoja wa kanisa huko kwetu Nyamira alinirudishia hadithi yangu ikiwa imekunjwa mara nne, kama noti ya mtu anayeona haya kutoa sadaka ndogo. Nilikuwa nimeiandika kwa ajili ya kipindi cha vijana, Sabato alasiri. Ndani yake kuna bibi kizee anayeamka usiku, anaingia kwenye shamba la majani chai na kuzungumza na nyota, na asubuhi wachumaji wanakuta vikapu vimejaa. "Huyu ni mchawi," mzee akaniambia, "na wewe unamsifu." Kisha akaongeza ile kauli ambayo kila kijana wa Kiadventista anayependa vitabu ameshaisikia: hadithi za kubuni ni uongo, na baba wa uongo tunamjua.

Sikumjibu. Kwetu humjibu mzee mbele ya watu. Wacha nimjibu hapa.

Mzee wangu, sisi tunafundishwa tangu darasa la watoto kwamba wafu wamelala. Hawasikii, hawasemi, hawamtembelei mtu, mpaka ufufuo. Sawa, hilo silipingi. Sasa Luka 16 tutaifanya nini? Tajiri amekufa, yuko motoni, anaongea na Abrahamu, anaomba Lazaro amletee tone la maji. Muulize mchungaji yeyote wa Kiadventista kuanzia Nyanchwa hadi Nyansiongo, atakuambia bila kusita: huo ni mfano tu, hayo hayakutokea. Yaani Yesu alichukua wafu, akawapa midomo, akawajengea kuzimu ambako kwa mafundisho yetu wenyewe hakuko hivyo, ili wapenda pesa wasikie jambo ambalo hawangelisikia kwa njia nyingine. Hiyo mnaiitaje? Mimi naiita fantasia.

Na si hiyo pekee. Waamuzi 9, miti inatafuta mfalme. Mzeituni unakataa, mtini unakataa, mzabibu unakataa, mwishowe mti wa miiba ndio unakubali. Jothamu alipiga kelele hiyo hadithi akiwa juu ya mlima na hakuna aliyemuuliza miti ilipigia kura kituo gani. Isitoshe, mimi nimekua nikitazama mnyama wa vichwa saba na pembe kumi kwenye skrini kila kulipokuwa na efoti, mikutano yetu ile ya injili ya jioni. Aki, msimlaumu Tolkien (ambaye hata hivyo alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa). Nilifika kwake nikiwa nimeshaiva.

Najua mtanitolea Ellen White. Ni kweli aliandika mengi dhidi ya riwaya, na alikuwa na hoja. Alimzungumzia msomaji anayelewa hadithi kama mwingine anavyolewa pombe, hadi kazi na maombi vinamshinda. Msomaji huyo namjua. Niliacha chuo, na si kila kipindi nilichokosa kilikuwa kwa sababu ya karo. Lakini mama huyohuyo, katika kitabu chake kuhusu pambano kuu kati ya Kristo na Shetani, anamsifu John Bunyan kwa ile hadithi ya msafiri aliyoandika kifungoni. Ilichapishwa 1678, na msafiri wake anapigana upanga kwa upanga na dude lenye magamba na mabawa. Mbona hilo dude halijawahi kukunjwa mara nne?

Ila kama ingekuwa ni kubishana mistari tu, ningenyamaza. Mei 2008 watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, waliuawa kwa kuchomwa huku kwetu Gusii kwa madai ya uchawi. Taarifa za habari za wakati ule zilisema wanakijiji walidai kupata daftari la shule lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi, limeandikwa nani atarogwa. Daftari! Sijui nani aliandika nini humo, lakini watu walilishika na kulisoma kama hati ya mahakama. Oktoba 2021, Marani, wanawake wanne wazee wakauawa kwa madai yaleyale. Haya yametokea mahali ambapo Wakatoliki wako Nyabururu na Waadventista wako Nyanchwa zaidi ya miaka 100 sasa. Msiniambie waliowasha moto walikuwa wameharibiwa na riwaya.

Na mimbarini tunalishwa nini? Anakuja mgeni, anashika maiki, anasema aliishi miaka saba chini ya bahari na malkia wa majini, akila nyama za watu. Hakuna anayemuuliza alipumuaje. Tunasema amina, sadaka inapita, vijana wanarekodi. Hiyo ni fantasia tupu, imekosa jalada tu. Mimi nikiandika "hapo zamani za kale" nimekutangazia mapema kwamba nabuni, ukae chini ujiulize huyu bibi wa kwenye chai ana maana gani. Mwenye ushuhuda hakupi hiyo nafasi. Saa nyingine anakupa jina la jirani yako.

Katama Mkangi alitupeleka Walenisi mwaka 1995, kwa chombo cha angani, na ukilikata lile jina vizuri unapata "wale ni sisi". Sijasikia msomaji aliyemaliza kitabu hicho akaenda kutafuta kiberiti.

Magokoro, nyanya yangu, alikuwa akitusimulia emegano usiku, karibu na moto. Zimwi alilitolea sauti nzito ya tumboni, hadi tunakimbilia chini ya meza. Mwaka ule wa 2008 nilikuwa darasa la pili, na ndio mwaka alioacha. Tulidhani amechoka, au ni sisi tumekua. Nimekuja kuelewa baadaye: mwanamke mzee, mjane, macho mekundu ya moshi wa kuni, anaunguruma gizani. Alijua hiyo inasikikaje kwa mtu anayepita njiani.

Desemba iliyopita nilimwomba anisimulie omogano mmoja tu niurekodi. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limewaka. Aliinuka kwanza akafunga dirisha, kisha akaniuliza kama sauti ya simu yangu inafika kwa jirani.