Joseph Rotblat: Mwanafizikia Aliyekataa Bomu, Asiikatae Sayansi

Mwishoni mwa mwaka 1944, mwanafizikia wa nyuklia Joseph Rotblat aliondoka Los Alamos, Marekani, na kujitoa katika mradi wa siri wa kutengeneza bomu la atomiki. Alikuwa amejiunga kwa kuhofia kwamba Ujerumani ya Hitler ingelipata bomu hilo kwanza. Ilipobainika kuwa Wajerumani wameachana na jitihada hizo, aliona sababu ya kubaki imekwisha.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Rotblat, Myahudi aliyezaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1908, alitenganishwa na mkewe, Tola, vita vilipoanza mwaka 1939. Tola alipoteza maisha katika mauaji ya Wayahudi. Hata hivyo, Rotblat hakuyageuza machungu yake kuwa hoja ya kuunga mkono silaha ya maangamizi.

Baada ya vita aliielekeza fizikia katika tiba, akifundisha katika chuo cha tiba cha Hospitali ya St Bartholomew's, London, na kuchunguza athari za mionzi. Marekani ilipolipua bomu la haidrojeni Bikini mwaka 1954, na wavuvi wa Kijapani kuangukiwa na majivu yenye mionzi, alionesha kitaalamu kuwa uchafuzi ulikuwa mkubwa kuliko ilivyotangazwa.

Mwaka 1957 alishiriki kuanzisha Mikutano ya Pugwash, iliyowakutanisha wanasayansi wa Mashariki na Magharibi wakati serikali zao hazikuaminiana. Mijadala hiyo ilisaidia kuandaa njia ya mkataba wa mwaka 1963 uliopiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, anga za juu na chini ya maji. Mwaka 1995, Rotblat na Pugwash walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki dunia mwaka 2005.

Tofauti aliyoisimamia ndiyo msingi wa Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika mwaka 2009 na ambao Tanzania imeuridhia: Afrika isiwe na silaha za nyuklia, lakini inufaike na matumizi yake ya amani. Nchini, Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoa tiba ya mionzi, huku Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ikisimamia usalama wake.

Mionzi ni ileile. Matumizi huamuliwa na binadamu. Rotblat alithibitisha kuwa mtaalamu hawezi kukwepa wajibu huo kwa kisingizio cha kutumwa.