Usiniulize Nitapanda Nini

Jumamosi iliyopita, kijiweni petu tunaposomeana kazi zetu, nilifanya kosa la kusema kwamba nataka kwenda Lemnos. Kwa wasiokijua, Lemnos ni kisiwa cha Ugiriki, huko kaskazini mwa bahari ya Aegean, karibu na mlango wa Dardanelles. Ndiko alikozaliwa baba yake bibi yangu, na ndiko alikozikwa.

Basi, mjadala ukawaka. Mmoja akasema panda ndege, bwana, usijitese. Mshairi wetu akaruka: mwandishi wa kweli haendi kwenye makaburi ya wazee wake kwa ndege! Aende polepole, kwa basi na kwa meli, auonje umbali kama wao walivyouonja. Watu wakagawanyika kama Simba na Yanga. Mimi nilinyamaza. Leo sinyamazi. Pande zote mbili zimekosea, na upande wa mshairi umekosea zaidi, kwa sababu maneno yake yanapendeza.

Haya, twende polepole. Kwa nchi kavu utavuka Kenya na Ethiopia, kisha utaikuta Sudan, na vita vilivyolipuka huko Aprili 2023. Tuseme umepona, umefika Misri. Bahari bado iko mbele yako. Kwa maji je? Ni kweli, Wagiriki wengi waliokuja Tanganyika kwenye reli, mkonge na kahawa walikuja kwa meli, kupitia mfereji wa Suez. Hata miaka ya 1950 meli za abiria za Lloyd Triestino zilikuwa zikitoka Italia kuja pwani yetu. Leo nenda bandarini Dar es Salaam ukaulize meli ya abiria ya kwenda Ulaya. Utaonyeshwa makontena, na ukibahatika utaelekezwa boti ya Unguja.

Njia ya polepole iliyobaki kwa kijana asiye na kitu ni moja, na sote tunaijua jina: kuzamia. Nimekua nikisikia habari za kaka zetu wa miaka ya 1980 na 1990 waliojificha melini, na jina la Piraeus likitajwa vijiweni kama mtaa wa jirani. Na bahari hiyohiyo ya Aegean, mwaka 2015 peke yake, ilivushwa watu zaidi ya laki nane kutoka Uturuki kuingia Ugiriki, wengi wao wakikimbia vita, wamebanana kwenye maboti ya mpira. Hao nao waliuonja umbali. Mshairi wetu, hivi umewahi kuwahesabu katika wasafiri wako wa kweli?

Najua ladha hii tumeiokota wapi. Tunasoma makala za Wamarekani wanaokwenda kutafuta kijiji cha babu yao Sicilia au Ireland. Huyu kaenda kwa baiskeli, yule kwa treni, na wote wanatufundisha kwamba ndege inaua roho ya safari. Siwalaumu. Pasi yao inafungua mlango, kwa hiyo wana nafasi ya kubishana waingie kwa mguu upi. Lakini sisi tunaiga ubishi wao, mlango hatuna.

Na huyu wa ndege naye asicheke. Anadhani ni nauli tu: ukajichange, ubadilishe ndege Addis Ababa, Doha au Istanbul, basi umefika. Hajasimama dirishani. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, na ukikataliwa hairudi. Unatakiwa taarifa ya benki, barua ya kazi, mahali pa kulala, bima isiyopungua euro 30,000. Nilivipeleka vyote. Nikaulizwa: unakwenda kwa nani? Nikasema, kaburini. Una hati ya udugu? Sina. Baada ya wiki kadhaa nikapewa karatasi yenye visanduku, kimoja kimetiwa alama: haikuthibitika kwamba nitarudi kwetu.

Nilicheka kicheko kibaya. Mzee yule alizaliwa Lemnos ikiwa bado chini ya Waturuki. Mwaka 1912 kisiwa kikawa cha Wagiriki. Kabla ya vita ya pili akaja Tanga, akawa karani kwenye shamba la mkonge. Hapo akampata mama yake bibi. Mtoto alipozaliwa hakuandikisha jina lake popote, bibi akaitwa kwa jina la babu yake mzaa mama. Ndiyo maana sina hati. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa, na mwaka uliofuata mzee akafungasha. Mtu huyo alikuja akaondoka, na mpaka leo hakuna anayemwita mzamiaji.

Na tafadhali mshairi asikilize hili: hakuondoka kwa meli. Mfereji wa Suez ulifungwa Juni 1967, haukufunguliwa mpaka 1975. Bibi alimsindikiza uwanja wa ndege. Hiyo meli tunayotakiwa kuipanda kwa heshima yake, mwenyewe aliiacha.

Bibi sasa ana miaka themanini na kitu. Hajaniomba udongo wala picha ya ukutani. Kaniambia hivi: “Mjukuu wangu, ukaone alipolazwa, uje uniambie panafananaje.” Kwa hiyo kwenda polepole mimi siwezi. Polepole ni ya mtu ambaye hasubiriwi. Wakinipa viza nitapanda ndege mpaka Athens, na kwa vile Lemnos kuna uwanja, nitapanda nyingine mpaka pale. Sitaona haya hata kidogo. Meli ya Lavrio wataipanda wenye muda.

Lakini nikiandika safari hiyo, sitaanza na mawingu dirishani mwa ndege. Nitaanza na dirisha lile jingine, foleni yake, na mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akizipanga upya karatasi zake kila foleni iliposogea. Nanyi wenzangu mnaoandika habari za majuu bila kuzitaja karatasi, mnamdanganya msomaji, tena msomaji ambaye kesho atakwenda kupanga foleni hiyohiyo akidhani kosa ni lake.

Jumamosi ijayo sitakuja na shairi. Nitakuja na fomu, naijaza mara ya pili. Mwenye mwandiko mzuri aje na kalamu.