Kabla ya "watiini" kuna mstari wa 21

SEMA USIKIKE
Na Rehema Bura

Jumamosi nilikuwa Bagara kwenye ibada ya ndoa, na tangu siku hiyo sijatulia.

Somo lilikuwa Waefeso sura ya 5. Mhubiri alianzia mstari wa 22, akamsimamisha bibi harusi peke yake na kumtaka aseme "nitatii". Akasema. "Hatujasikia!" Akarudia. Bwana harusi alikuwa ameketi, mpambe anamfuta jasho. Kisha mhubiri akafunua sura ya 6, akasoma agizo la watoto kwa wazazi, akainua Biblia juu. "Mnaona? Kule watiini, huku watiini. Neno ni lile lile! Sasa mtoto asipotii anafanywaje?"

Wanaume wa nyuma wakaitikia: "Fimbo!" Wavulana wa kipaimara nao wakaitikia. Kinanda kikapigwa, vigelegele vikafuata. Bibi harusi bado amesimama, ameling'ang'ania shada la maua mpaka mabua yamepinda.

Nilikuwa na shangazi yangu. Hata msibani hakosi la kusema. Safari hii alijifunga kitenge chake kimyakimya akatoka nje. Nikamfuata. "Nimemtii mume wangu maisha yangu yote," akaniambia, "lakini sijawahi kuwa mtoto wake."

Shangazi hajasoma Kigiriki, ila amekipatia kuliko mhubiri. Neno si lile lile. Kwa watoto, na kwa watumwa mistari michache mbele, Paulo ametumia hupakouo: kusikia amri na kuitekeleza. Kwa wake hakulitumia hilo. Kitenzi chao ni hupotasso, kujiweka chini ya mwenzako, nacho kinatoka mstari wa 21, ambako waumini wote, wake kwa waume, wanaagizwa kujiweka chini wao kwa wao. Katika nakala za kale kabisa, kama ile ya mafunjo ya karibu mwaka 200 na ile ya Vatikani ya karne ya 4, mstari wa 22 hauna kitenzi chake wenyewe. Unaazima cha mstari uliotangulia. Ukiukata hapo, umeukata kichwa. Biblia yetu ya Union Version ya 1952 imeandika kunyenyekeana katika mstari wa 21, na hiyo -ana kila Mswahili anaielewa. Mstari unaofuata ikaandika kutii, neno lile lile ililowapa watoto na watumwa. Hapo ndipo fimbo ilipopata mlango.

Na harusi zetu hizi! Kamati inakaa vikao miezi mitatu kujadili ukumbi, MC, keki na rangi ya sare. Hakuna mjumbe anayenyoosha mkono kuuliza mhubiri atawaambia nini maharusi.

Msiniambie ulikuwa utani. Mvulana aliyejifunza kanisani kwamba mke ni wa kuchapwa haendi kufunzwa upya na mtu yeyote. Kipigo cha majumbani mwetu kinaanzia kwenye vigelegele kama vile. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Serikali imelisema hilo zaidi ya miaka 50 iliyopita, kanisani tunaitikia "Fimbo!"

Tena wake wamepewa mistari mitatu tu. Kuanzia wa 25 Paulo anawageukia waume, anawaagiza wapende kama Kristo alivyojitoa kufa, na hawaachii mpaka karibu na mwisho wa sura. Jumamosi hatukufika huko.

Najua nitaletewa Sara wa 1 Petro 3, ambaye kweli ametajwa kwa kitenzi kile cha watoto. Mleteni. Ila mkifika hapo msifunge kitabu: mstari wa 7 unawaagiza waume wawape wake zao heshima, maombi yao yasije yakazuiliwa. Mhubiri aliyewafundisha wavulana kuitikia "Fimbo!" aanze kwa kuyakagua maombi yake mwenyewe.