Mageuzi ya Can na Mpiga Dramu Asiyetetereka

Malumbano ya wapenzi wa muziki juu ya bendi ya Can, iliyoundwa mjini Köln, Ujerumani, mwaka 1968, yamenikera hata nikaona sina budi kuyapa nafasi ya mbele katika toleo hili. Kwani upande mmoja unadai kwamba kundi lililogeuza sauti yake karibu kila mwaka halikuwa na sauti, na upande wa pili unalisifu kwa kugeuka huko huko, kana kwamba ni fadhila kwa dhati yake, ilhali wote wameyahesabu mageuzi wasiulize ni kitu gani kilichoyawezesha.

Anayeijua Can kwa mara ya kwanza kupitia Tago Mago ya mwaka 1971, sahani mbili zenye giza na vishindo, kisha akaisikiliza Future Days ya mwaka 1973, nyepesi kama upepo wa alfajiri, ana haki ya kudhani kwamba amepewa bendi nyingine, hali wanamuziki ni wale wale watano.

Jibu langu ni Jaki Liebezeit, mpiga dramu wa Can. Bwana huyu, aliyetoka katika jazi huru, ambamo mpiga dramu hafungwi na mahadhi yoyote, aliiacha fani hiyo akajifunga kwa hiari yake katika mdundo mmoja unaorudiwa bila kuchoka. Na katika Halleluhwah, kipande kinachojaza upande mzima wa sahani kwa takriban dakika 18, dramu zake hazitetereki, huku gitaa la Michael Karoli likiingia na kutoka, kinanda cha Irmin Schmidt kikinguruma, na Damo Suzuki, Mjapani waliyemkuta mwaka 1970 akiimba barabarani mjini München, akinong'ona maneno yasiyoshikika. Lau mpigaji huyo naye angalitangatanga, wenziwe wasingalithubutu kwenda mbali hivyo.

Fauka ya hayo, palikuwa na nidhamu ya masikio. Holger Czukay wa Can, aliyekuwa pamoja na Schmidt mwanafunzi wa mtunzi Karlheinz Stockhausen, alirekodi saa nyingi za upigaji usiopangwa kwa rekoda ya njia mbili tu, kisha akaikata tepu na kuiunga mpaka wimbo ukatoka. Kwa njia mbili, aliyekosea hakuweza kufutwa peke yake, basi kila mmoja alilazimika kumsikiliza mwenziwe papo hapo, katika studio yao, ile sinema kuukuu ya Weilerswist waliyoitundikia magodoro ya jeshi kutani. Mwaka 1975, katika albamu ya Landed, ilipoingia rekoda ya njia 16, kila mpigaji akapata fursa ya kutia sehemu yake faraghani. Na nasema bila kusita kwamba tangu hapo mageuzi ya Can yakawa ya juu juu, hata walipojiunga nao mwaka 1977 mabingwa kama Rosko Gee wa Jamaika na Reebop Kwaku Baah wa Ghana.

Wachangiaji wetu si lazima wakubaliane nami. Makala ya kwanza inamtetea Malcolm Mooney, mwimbaji wa awali. Ya pili inaichambua albamu yao ya Ege Bamyasi wimbo kwa wimbo. Ya tatu, juu ya bendi za Dar es Salaam, nimeiweka makusudi jirani na ukurasa huu, maana inaonyesha jinsi mitindo ya Msondo wa NUTA Jazz na Sikinde ya Mlimani Park ilivyoendelea kutambulika ilhali waimbaji wakihama bendi hii kwenda ile; na anayekubali kwamba mtindo waweza kudumu katika mdundo na magitaa hata sauti za mbele zikibadilika, hana tena hoja ya kulilaumu kundi la Köln.